Kadi ni ya Foleni, Kiti ni cha Mwili

Rola kosta, treni ya burudani inayopanda na kuporomoka kwenye reli, ikizimika katikati ya mlima wake wa kwanza, abiria hawakai wakisubiri iwake. Ikishindikana, wahudumu hupanda ngazi nyembamba ya chuma iliyo ubavuni mwa reli, hufungua vizuizi vya viti kimoja baada ya kingine, na abiria hushuka kwa miguu, mkono kwenye nondo, ghorofa kadhaa kwenda chini. Aliyebuni mchezo ule alilazimika kujibu swali moja kabla ya kuuza: na huyu asiyeweza kushuka ngazi, atateremshwaje? Jibu lake ndilo linaloamua mengi anayokutana nayo mgeni mwenye ulemavu kwenye bustani za burudani, ingawa getini hakuna anayelitaja.

Wengi huja wakidhani huduma kwa wenye ulemavu ni kitu kimoja. Ni viwili, na havijuani. Cha kwanza ni kadi ya foleni: ofisi ya huduma kwa wageni inakusikiliza, inakubali kwamba huwezi kusimama au kubanana kwenye mstari saa nzima, inakupa namna nyingine ya kusubiri. Cha pili ni masharti ya mchezo wenyewe: nani aketi, anaketije, anashikwa na nini, na likitokea la kutokea anatokaje. Masharti hayo hayatungwi na ofisi ya wageni. Msingi wake ni kitabu cha mtengenezaji wa mashine, na mwendesha mchezo hana ruhusa ya kuyalegeza hata akikuonea huruma. Ndiyo maana mtu hupewa kadi saa tatu asubuhi kwa tabasamu, akakataliwa kupanda saa nne kwa tabasamu lile lile. Hakudanganywa. Alijibiwa swali moja akadhani amejibiwa yote mawili.

Kusubiri mahali pengine

Kadi ya foleni haifuti kusubiri, inahamisha tu mahali pa kusubiria. Foleni ikiwa ya dakika 50, unaandikiwa muda wa kurudi unaokaribiana na huo, unakwenda kukaa kivulini, kula au kumtoa mtoto kwenye kelele, kisha unarudi na kuingilia mlango mwingine. Mlango huo nao una mstari wake. Siku ya watu wengi, dakika 10 au 15 za ziada ni jambo la kawaida, na mara nyingi kipande hicho ndicho kilicho ndani ya jengo, chenye giza na mwangwi kuliko foleni ya nje. Anayemsindikiza mtoto mwenye usonji azihesabu dakika hizo mapema na amwambie mtoto habari zake. Mtoto aliyeahidiwa "sasa ni zamu yetu" akakuta mstari mwingine, hapo ndipo siku inapoharibika.

Kwa nini kadi zimekuwa ngumu kupatikana? Hadi 2013, bustani za Disney nchini Marekani zilitoa kadi iliyowaingiza wengi kupitia mlango wa pembeni bila kusubiri sana. Mwaka huo zikaenea habari za familia zenye pesa zilizokuwa zikikodi watu wenye ulemavu ili wawasindikize na kukwepa foleni. Kadi ile ikafutwa, na Oktoba 2013 ikaanza huduma iitwayo DAS, yenye muda wa kurudi. Mwaka 2024, kuanzia 20 Mei kule Florida na 18 Juni kule California, masharti yakakazwa tena. DAS sasa inawalenga hasa wale ambao, kwa sababu ya ulemavu wa ukuaji kama usonji au hali inayofanana nao, hawawezi kukaa muda mrefu kwenye foleni ya kawaida. Maombi hufanywa kwa simu ya video, na mhudumu anaweza kumwingiza mtaalamu wa afya kwenye mazungumzo. Anayebainika kusema uongo hufungiwa moja kwa moja.

Kwa hiyo wapo wengi wenye ulemavu wa kweli ambao hawapewi DAS. Mwenye kiti mwendo huambiwa kwamba foleni zimepanuliwa, apite humo humo na wenzake. Pale ambapo foleni ya zamani ina kona finyu au ngazi, hupewa muda wa kurudi na mhudumu wa mchezo husika. Mwenye tatizo la utumbo au kibofu huelekezwa kwenye utaratibu wa kutoka na kurudi foleni. Unamweleza mhudumu wa mlangoni kabla hujaingia, wenzako wanashika nafasi, ukibanwa unatoka, ukimaliza unaungana nao mahali mlipoelekezwa. Utaratibu huu ni mzuri kwa kundi. Kwa aliyekuja peke yake, au mama mmoja mwenye mtoto mmoja, haufanyi kazi, maana hakuna wa kushika nafasi. Hapo mfumo unachechemea, na dawa yake kwa sasa ni kuliuliza hilo kwa jina kwenye mazungumzo ya maombi: "Niko peke yangu, nikitoka nani ananishikia?" Mhudumu aliyeulizwa swali hilo waziwazi anapaswa kukupa njia nyingine, na ni heri uipate siku mbili kabla kuliko ukiwa umesimama mlangoni umekunja miguu.

Kwingine sura ni tofauti. Universal kule Orlando inawataka wageni wajisajili kwanza na IBCCES, taasisi inayotoa kadi na vyeti vya huduma kwa wenye usonji na ulemavu mwingine, angalau saa 48 kabla ya kufika, wakiambatisha hati ya mtaalamu wa afya. Wanapata kadi ya kidijitali yenye namba, kisha ndipo bustani inazungumza nao. Bustani za Six Flags nazo zinaitumia kadi hiyo. Hizo saa 48 si mapambo. Barua ya daktari ikipigwa picha ikatoka na ukungu, ombi linarudishwa, na muda unaanza kwenda upya huku tiketi yako ina tarehe yake. Uingereza, Sheria ya Usawa ya 2010 inawataka watoa huduma wafanye marekebisho ya kuridhisha bila kumtoza mwenye ulemavu gharama zake. Bustani za kampuni ya Merlin, kama Alton Towers na Thorpe Park, hutoa kadi yao ya foleni iitwayo Ride Access Pass na kuikubali kadi ya Nimbus, ambayo haiandiki ugonjwa bali alama za mahitaji: huyu hawezi kusimama kwa muda mrefu, huyu anahitaji msindikizaji, huyu anahitaji choo cha karibu.

Alama zile zina somo kwa yeyote anayejiandaa kuhojiwa, kokote aendako. Taja hitaji, si jina la ugonjwa. "Nina kisukari" ni sentensi isiyomsaidia anayekusikiliza, kwa sababu watu wawili wenye kisukari wanaweza kuwa mbingu na ardhi. "Sukari yangu hushuka ghafla, nikiwa kwenye mstari usio na pa kutokea siwezi kukaa wala kupata msaada" ni sentensi yenye kazi. Kwa usonji, usiseme tu kwamba mtoto hawezi kusubiri, kwa maana watoto wote hawawezi kusubiri na mhojaji amelisikia hilo mara elfu. Sema kinachotokea: baada ya dakika ngapi, anaanza na dalili gani, anakimbia au anajipiga, inachukua muda gani kutulia. Na mhusika mwenyewe awepo kwenye simu, hata akiwa mdogo, hata akigeuza uso. Bustani nyingi hazisajili mtu asiyeonekana.

Kuna pia utepe wa kijani wenye maua ya alizeti, ulioanza kwenye uwanja wa ndege wa Gatwick mwaka 2016 kwa ajili ya wenye ulemavu usioonekana kwa macho. Bustani nyingi zinautambua. Utepe huo humwambia mhudumu awe na subira na wewe. Haukupi haki yoyote kwenye foleni, na kumwonyesha mlinzi wa mlango wa pembeni utepe huo kana kwamba ni tiketi ni kujitafutia aibu bure.

Kiti

Sasa lile la pili, ambalo watu hulifikiria wakiwa wameshachelewa. Kwa mtu wa kiti mwendo, michezo iko ya namna tatu. Ipo ambayo unaingia nacho na kubaki humo humo: chombo kina sakafu bapa, rampu, na minyororo au vibano vya kufungia magurudumu. Ipo ambayo lazima uhame kutoka kwenye kiti chako cha umeme au skuta uende kwenye kiti mwendo cha kusukumwa, halafu ndipo uingie. Na ipo, nayo ndiyo mingi, ambayo lazima uhamie kwenye kiti cha mchezo wenyewe.

Marekani, viwango vya 2010 vya sheria ya watu wenye ulemavu, vilivyoanza kuwa lazima 15 Machi 2012, vinadai kwa kawaida kila mchezo mpya uwe na angalau moja kati ya mambo matatu: nafasi ya kiti mwendo, kiti kilichobuniwa kwa ajili ya kuhamia, au kifaa cha kumhamisha mtu. Nafasi ya kiti mwendo iwe na upana wa sm 76 na urefu wa sm 122. Mlango wa kuingilia usipungue sm 81.5. Sakafu ya chombo na ya jukwaa zisipishane zaidi ya mm 16 kwa kimo, na pengo kati yake lisizidi sm 7.5. Kiti cha kuhamia kiwe sm 35.5 hadi 61 juu ya jukwaa, na pembeni paachwe nafasi ya kuegesha kiti chako isiyoziba njia. Michezo ya kuhamahama ya maonyesho haibanwi na sharti hili, wala ile ya zamani ambayo jukwaa lake halijaguswa. Kwa hiyo bustani moja inaweza kuwa na mchezo wa mwaka juzi unaoingilika vizuri, na jirani yake wa miaka 40 usioingilika kabisa, na yote miwili iko ndani ya sheria.

Itazame hiyo namba ya sm 35.5. Kiti mwendo cha kawaida pamoja na mto wake kina kimo cha kama sm 50. Kushuka kutoka 50 kwenda 35 ni rahisi, uzito wenyewe unakusaidia. Kurudi ndiko kwenye kazi: sm 15 za kupanda, mikono ikitetemeka baada ya mchezo, mara nyingi upande usio wako kwa sababu chombo kimeishia jukwaa jingine. Aliyehama kwa urahisi upande wa kulia anajikuta atoke kwa kushoto. Basi uliza mambo mawili kabla: kiti kina kimo gani, na unashukia upande gani. Bustani kadhaa zina chombo cha majaribio kilichowekwa nje ya foleni kwa ajili hiyo. Kitumie bila haya, mara mbili, kwa kuingia na kwa kutoka.

Kuhama kwenyewe kuna mpangilio, na anayeuruka huumia. Leta kiti mwendo karibu na kiti cha mchezo, kwa pembe kama ya nyuzi 30. Funga breki zote mbili, halafu kisukume kidogo kuhakikisha hakitelezi, maana majukwaa mengi ni ya chuma na huwa yamelowa. Ondoa kiegemeo cha mkono cha upande wa kuhamia, sogeza vikanyagio nje. Kama unatumia ubao wa kuhamia, uweke theluthi yake chini ya paja na ncha ya pili ikae imara ndani ya kiti cha mchezo. Viti vingi vya michezo vina ukingo ulioinuka, na ubao ukiegemea ukingo tu unachomoka. Ingia kwa makalio kwanza, miguu ifuate mmoja mmoja. Wahudumu hawanyanyui. Hilo ni sharti karibu kila bustani, na lina sababu: mgongo wa mhudumu, bega la mgeni, na kesi mahakamani. Anayenyanyua ni msindikizaji uliyekuja naye, na awe ameshajizoeza nyumbani. Chombo kikiwa kwenye mkanda unaotembea, mwombe mwendeshaji aupunguze mwendo au ausimamishe. Mingi hupungua au kusimama, ila usipoomba haitasimama.

Baada ya kuketi linakuja suala la kushikwa. Chuma cha mapajani hufanya kazi kwa kubana mifupa ya mapaja. Treni inapovuka kilele, mwili unataka kupaa, na kinachouzuia ni mapaja yaliyo chini ya kile chuma. Mtu asiye na mapaja, au mwenye mapaja mafupi mno, hana cha kubanwa. Nyonga inateleza na kuchomoka. Mwaka 2011, katika bustani ya Darien Lake jimboni New York, mwanajeshi mstaafu aliyepoteza miguu yote miwili vitani alirushwa kutoka kwenye rola kosta iitwayo Ride of Steel akafa. Masharti ya mchezo ule yalitaka abiria awe na miguu miwili. Aliachiwa apande.

Kwa hiyo sharti la "mguu mmoja hadi goti" au "mkono mmoja unaoshika" linaloandikwa kwenye vitabu vya mwongozo, mara nyingi halitokani na dharau. Mkono unatakiwa kwa sababu mwili usiojishika hupigwa kwenye kingo za kiti. Shingo inatakiwa kwa sababu kichwa kisicho na misuli ya kukishika ni mzigo unaoyumba. Hata hivyo sheria ya Marekani inaweka mpaka: sharti la usalama lisimame juu ya hatari halisi, si juu ya dhana kuhusu watu wenye ulemavu. Kwa hiyo una haki ya kuuliza ni sharti gani, liko ukurasa gani, linahusu kizuizi gani. Bustani yenye kitabu kilichoandikwa vizuri itakuonyesha. Isiyo nacho itakuletea meneja, na meneja atasema "ni kwa usalama wako" mara tatu kwa sauti tatu.

Mguu wa bandia una sheria zake. Kwenye mchezo ambao miguu inaning'inia, aidha uuvue au ufungwe mkanda, maana soketi hutolewa na mvuto na kilo mbili za chuma zinazoanguka juu ya foleni si mchezo. Ukiuvua, hesabu yako inabadilika: sasa unahesabiwa kwa ulichonacho bila bandia, na mchezo uliokuwa unakubalika waweza kukukataa. Jaribu kiti cha majaribio ukiwa katika hali ile ile utakayopandia.

Vifaa vya mwilini pia viulizie. Baadhi ya rola kosta huzinduliwa au kufungwa breki kwa sumaku zenye nguvu, na wenye pampu ya insulini au kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo wafuate karatasi ya mtengenezaji wa kifaa, si maneno ya mhudumu. Mwenye kifaa cha kusikia kilichopandikizwa aivue sehemu ya nje kabla ya kupanda. Na siyo kwenye rola kosta tu: bomba la plastiki la kuteleza la watoto huzalisha umeme tuli unaoweza kuvuruga programu ya kifaa hicho, na hilo wazazi wengi hawaambiwi.

Skuta

Kifupi tu. Skuta za kukodi huisha asubuhi mapema siku za sikukuu, na si bustani zote zinazokubali uwekaji nafasi. Njia yenye miinuko hula betri haraka kuliko karatasi ya mkodishaji inavyodai, na mzigo wa mabegi huongeza. Taa ikionyesha nusu, anza kuelekea getini au uliza pa kuchaji. Nusu ya pili huisha upesi kuliko ya kwanza. Foleni nyingi haziruhusu skuta, hivyo mtu wa skuta asiyeweza kutembea hatua kumi ajue mapema kwamba kuna viti mwendo vya kusukumwa mlangoni, na kwamba atahitaji wa kumsukuma.

Masikio, macho, kichwa

Mwaka 2018, Sesame Place ya Philadelphia ikawa bustani ya kwanza ya burudani kupewa cheti cha kituo cha usonji na IBCCES, na tangu hapo bustani nyingi zimechapisha miongozo ya hisia: kila mchezo unapewa alama ya 1 hadi 10 kwa mguso, ladha, sauti, harufu na kuona. Miongozo hii ni ya kusoma nyumbani, si getini. Kasoro yake ni kwamba inapima mchezo, haipimi njia ya kuelekea mchezo. Mwongozo unaweza kusema mchezo wa mashua una sauti 3, kumbe spika za muziki zilizo juu ya foleni yake zinavuma kama harusi. Chumba cha utulivu nacho ukitafute kwenye ramani kabla ya kukihitaji. Uliza kama kinafunguliwa na ufunguo wa mhudumu, kwa sababu kumtafuta mhudumu huku mtoto amelala chini analia ni dakika ndefu sana.

Kwa mwenye kifafa kinachochokozwa na mwanga, hatari iko hasa kwenye mimweko ya 3 hadi 30 kwa sekunde. Mabango husema "kuna mwanga wa kumweka" bila kutaja kasi, basi mabango hayo yachukuliwe yote kwa uzito mmoja. Ukijikuta ndani na mwanga umeanza, usifumbe macho ukadhani umepona, mwanga hupenya kope. Ziba jicho moja kwa kiganja, kabisa, na ugeuze uso.

Viziwi wanaotaka mkalimani wa lugha ya alama waombe kwa maandishi wiki kadhaa kabla, wakitaja maonyesho gani na saa ngapi. Mkalimani hupangiwa onyesho, hafuatani na familia. Na kabla ya kufungwa kizuizi, kubaliana na mwendeshaji ishara moja ya "simamisha" na moja ya "tayari", kwa sababu maelekezo ya dharura hutolewa kwa spika, na juu kule hakuna wa kukugeukia.

Asiyeona hufaidika zaidi na maelezo ya mpangilio wa mchezo kuliko kitabu cha nukta nundu alichopewa getini: unapanda sekunde ngapi, unapinda upande gani kwanza, maji yanatoka wapi. Mhudumu aliyeuzoea mchezo anaweza kuyasema yote kwa nusu dakika. Fimbo ikunjwe na ikabidhiwe kwa mtu, si kuachwa sehemu ya mizigo. Mbwa msaidizi hapandi michezo mingi, na wahudumu kwa kawaida hawamshiki, hivyo kundi ligawane: mmoja anapanda, mwingine anabaki na mbwa, kisha wanabadilishana bila kupanga foleni upya. Marekani mhudumu anaruhusiwa maswali mawili tu kuhusu mbwa huyo: je, anahitajika kwa sababu ya ulemavu, na amefunzwa kufanya kazi gani. Cheti cha mbwa haruhusiwi kukidai.

Choo na jua

Choo cha kawaida cha wenye ulemavu kinamfaa mtu anayeweza kuhama mwenyewe. Mtu mzima anayevalishwa nepi hana pa kulala humo, na familia nyingi huishia kumlaza kwenye sakafu ya choo. Uingereza, muungano ulioanza 2006 ulipigania vyoo viitwavyo Changing Places: chumba cha mita za mraba 12, kitanda cha mtu mzima kinachopanda na kushuka, na winchi inayotembea kwenye reli ya darini. Tangu 2021, kanuni za ujenzi za nchi hiyo zinavidai kwenye bustani mpya za burudani zenye uwezo wa watu 2,000 au zaidi. Lakini winchi haiji na mbeleko ya kunyanyulia, hiyo unakuja nayo mwenyewe kwa sababu za usafi na za vipimo vya mwili. Na mbeleko zina namna mbili za kushikana na winchi, za kitanzi na za kibano. Aliyebeba ya kibano akakuta winchi ya kitanzi amesafiri bure. Ipigie simu bustani, uliza neno hilo moja.

Jua si la kupuuzwa. Aliyeumia uti wa mgongo juu ya pingili ya sita ya kifua hatoki jasho vizuri chini ya jeraha, hivyo mwili hauwezi kujipoza. Chupa ya kupulizia maji na kivuli kila nusu saa vina maana kuliko kinywaji baridi. Mtu huyo huyo yuko kwenye hatari nyingine inayohusiana na kiti: kibofu kilichojaa, au kizuizi kinachobana tumbo na mapaja, vinaweza kupandisha shinikizo la damu ghafla. Kichwa kinagonga, uso unatoka jasho na kuwa mwekundu. Aketishwe wima, kilichobana kilegezwe, mpira wa mkojo ukaguliwe kama umejikunja, na wa huduma ya kwanza waitwe bila kungoja. Asilazwe chini, kulala kunazidisha shinikizo. Amwage mkojo kabla ya kila mchezo mrefu, awe amebanwa au hajabanwa.

Wapo walioamua kuanza na mwili badala ya kuanza na mashine. Morgan's Wonderland, iliyofunguliwa San Antonio, Texas, mwaka 2010 na Gordon Hartman kwa ajili ya binti yake Morgan, haimtozi kiingilio mgeni mwenye ulemavu. Bembea zake na jukwa lake vilibuniwa kiti mwendo kikiwa tayari ndani ya mchoro. Mwaka 2017 ikaongeza bustani ya maji, na hapo likatokea tatizo ambalo wengine wangeliita mwisho wa habari: kiti mwendo cha umeme hakiingii majini. Walishirikiana na Chuo Kikuu cha Pittsburgh kupata kiti kinachoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa, bila betri, ambacho kinaweza kulowa chote. Hakuna rola kosta ya kutisha pale. Huo ni uamuzi wa ubunifu, na anayetaka mita 60 za kuporomoka atafute kwingine, akirudi kwenye lile swali la ngazi.

Swali lenyewe liulizwe mlangoni mwa kila mchezo, kwa maneno mepesi: "Ukisimama katikati, mimi nitashushwaje?" Jibu zuri ni la vitu na muda: kuna kiti cha uokoaji, kuna watu wanne waliofunzwa, au utabaki umeketi hadi treni irudishwe jukwaani, na huenda ikawa zaidi ya nusu saa. "Haijawahi kutokea" si jibu. Ukishajibiwa, fikiria hiyo nusu saa kwenye kiti cha plastiki kisicho na mto, kwa mtu anayepaswa kuhamisha uzito kila dakika 15 hadi 30 asipate vidonda. Ufikirie pia mkoba wako uko wapi. Kiti mwendo hubaki jukwaani kinapoegeshwa, na karibu kila mtu huacha mkoba umening'inia nyuma yake, na dawa ndani. Dawa ya dharura, tembe za sukari na simu viingie kwenye mfuko wenye zipu ulio mwilini kabla hujahama. Na mkabidhi mhudumu mmoja, kwa kumtazama usoni, kazi ya kukisukuma kiti hadi jukwaa la kushukia, kwa sababu mara nyingi siyo lile ulilopandia.